Fundi umeme wa njia ya Amani, na Roadster iliyokuwa ikiwaka kwa tabu

Kama stata ya gari yako, yaani mota inayozungusha injini mpaka iwake, inazunguka kivivu na kila unayemuuliza anakwambia ununue nyingine, ipeleke kwanza kwa fundi umeme huyu wa njia ya Amani kwenda Mwanakwerekwe. Nnafundisha fizikia skuli ya sekondari, umeme nausomesha ubaoni kila mwaka, na nilisimama pembeni yake kuanzia alipofungua boneti mpaka alipoifunga. Sijapata kuona mtu akiutafuta ubovu kwa utaratibu kama ule, tena mkononi ana mita moja tu ya kupimia umeme.

Gari yenyewe ni Mazda Roadster ya umbo la pili, lile lililoanza kutoka 1998, taa zake za mbele zikiwa haziinuki tena kama za umbo la kwanza. Ulaya wanaiita MX-5, Marekani wanaiita Miata, gari ni hiyo hiyo. Injini ya 1.6, gia za mkono, viti viwili, turubai juu, uzito wake kama tani moja. Kaka yangu aliiagiza Japani, akaipenda mno, kisha kazi ikamchukua Maskati akaniachia funguo. Hapa Unguja gari za namna hii ni chache, na uchache huo una bei yake: mafundi wengi hawajawahi kuigusa, wakiiona wanabahatisha, na anayelipia kubahatisha ni mwenye gari.

Ubovu ulikuwa hivi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, inawaka, ila stata inavuta kwa uzito. Ukishatoka nayo mjini mpaka Bububu, ukaizima, ukanunua ulichokwenda kununua, ukirudi kuiwasha stata inanguruma chini chini, inazunguka nusu, inasita, inazunguka nusu tena. Siku ya jua kali inagoma kabisa mpaka ipoe. Betri ilikuwa mpya, kaka aliibadilisha kabla hajasafiri, na tatizo likabaki vile vile.

Gereji niliyoipeleka mwanzo, ambayo sitaitaja, walisikiliza mlio tu wakasema stata imekufa. Sasa stata ya Roadster imejificha chini ya manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, upande wa kulia wa injini, pahala pa dhiki ambapo mkono hauingii vizuri. Kuitoa ni kazi ya kufungua vitu vingi, na bei waliyonitajia, stata pamoja na ufundi, ilikuwa ya kunifanya nikae chini. Hakuna aliyepima chochote. Nikawashukuru, nikachukua gari yangu. Mwalimu mwenzangu mwenye gari ya kupeleka watoto skuli ndiye aliyenielekeza kwa fundi huyu.

Nilipofika hakugusa spana. Aliuliza maswali. Inasumbua ikiwa baridi au moto? Mvua ikinyesha, buti linaingia maji? Gari imewahi kupigwa rangi? Hili la mwisho lilinishangaza, nikamjibu ndiyo, ilipofika kutoka bandarini kaka aliipeleka ikapigwa rangi mpaka ndani ya boneti, kwa sababu kutu ilikuwa imeshaanza. Akatikisa kichwa, akamwambia kijana wake alete mita.

"Mwalimu, kaa kwenye usukani. Washa taa kubwa, halafu piga stata."

Nikapiga. Stata ikavuta kwa tabu kama kawaida yake, lakini yeye alikuwa akiangalia ukuta, si injini. Mwanga wa taa ukutani ulipungua kidogo tu. Akanieleza: betri ingekuwa dhaifu, taa zingezimika au zingebaki nyekundu. Stata ingekuwa imekaba, inakula umeme kupita kiasi, vile vile taa zingefifia sana. Zikibaki na nguvu huku stata inalegea, basi umeme upo kwenye betri ila njiani kuna pahala haupiti. Na mpaka hapo hajafungua hata nati moja.

Kisha akachomoa soketi ya koili, ile inayotoa cheche za kuwashia, ili injini izunguke bila ya kuwaka, akaanza kupima. Hapa nataka niende taratibu, kwa sababu ndipo palipo na thamani ya kazi yake.

Betri ya Roadster haiko mbele. Imewekwa ndani ya buti, upande wa kulia, kwa ajili ya kugawa uzito. Waya chanya unatoka huko nyuma, unapita chini ya gari mpaka kwenye stata. Waya hasi ni mfupi, unafungwa kwenye bodi pale pale ndani ya buti, na kuanzia hapo bodi yenyewe ndiyo njia ya umeme kurudi. Lakini injini imekaa juu ya mipira, haigusani na bodi chuma kwa chuma. Kwa hivyo lazima pawe na waya wa ethi kutoka kwenye bodi mpaka kwenye injini. Umeme wote wa stata, zaidi ya ampea mia wakati inazungusha injini, unapita kwenye waya huo mmoja.

Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikipiga stata ikashuka mpaka 11.0. Hiyo ni betri nzima, wasiwasi huanza ikishuka chini ya 9.6 au karibu na hapo. Akaunganisha waya mrefu, akaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye nati nene ya stata, nikapiga tena: 0.3. Waya mrefu wa chini ya gari ukawa umefaulu. Akahamia upande hasi. Nguzo ya betri na bodi: 0.1. Bodi na injini: 1.5.

Aliponionyesha ile 1.5 hakusema kitu, alinipa tu mita niishike mwenyewe. Kwa asiyejua, nambari hiyo inatakiwa iwe karibu na sifuri, volti 0.2 ndiyo ya kuvumilia. Volti moja na nusu inapotelea pale, na ukitoa pia zile 0.3 na 0.1 kwenye 11.0 ya betri, stata inabaki na 9.1, na kidogo hicho ndicho inachojaribu kuzungushia injini. Nilipiga hesabu kichwani: ukiweka ampea 150, ukinzani wa pale ni ohmu 0.01. Ohmu moja ukiigawa mara mia! Ndiyo maana fundi anayechukua mita akapima waya kwa ohmu, gari imezimwa, atasoma sifuri na kusema waya mzima. Mita ya kawaida haina uwezo wa kuona udogo huo. Ubovu huu unajitokeza pale tu mzigo mkubwa unapopita, ni sawa na mpira wa maji uliokanyagwa: tone linapita bila shida, ukitaka kujaza pipa ndipo unapojua. Na volti 1.5 kwa ampea 150 ni wati 225 za joto zinazotoka kwenye kiungo kisichozidi ukubwa wa kidole gumba.

"Gusa nati hiyo, Mwalimu."

Niligusa. Ilikuwa ya moto, na ile nyingine iliyo karibu yake ilikuwa baridi.

Akaufungua waya. Ni ule wa bapa, uliosukwa kwa nyuzi nyembamba za shaba. Kwa nje ulionekana mchafu tu. Alipoukunja mara moja karibu na kichwa chake, nyuzi zikakatika na unga wa kijani ukamwagika kiganjani mwake. Chini ya nati, upande wa bodi, palikuwa na rangi safi ya kaka yangu: waliopiga rangi hawakukwangua, walifunga waya juu ya rangi, na umeme ulikuwa ukipita kwenye meno ya nati peke yake. Chumvi ya bahari ikamalizia. Kisiwa hiki hewa yake ina chumvi mwaka mzima, sisi tunaokaa Mazizini na Chukwani tunaijua kwenye mabati ya nyumba, na shaba haina salama nayo. Joto nalo linazidisha, kwa kuwa ukinzani wa shaba unapanda ikipata moto, na waya huu unakaa ubavuni mwa injini. Ndiyo maana asubuhi inawaka na mchana inagoma, dalili ile ile iliyowafanya wale wa mwanzo waishtaki stata.

Kuna jambo jingine alilifanya bila ya kuombwa. Aliangalia kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedeli. Akaniambia ethi ya injini ikiwa mbovu, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudia, na kebo nyembamba ya chuma ni mojawapo. Ikipata moto plastiki ya ndani inayeyuka, kebo inanata. Yangu ilikuwa bado inateleza. Nimefundisha umeme miaka yote hii, na sikuwahi kuwapa wanafunzi mfano mzuri kama huo wa njia sambamba.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi ndefu. Alikata waya mnene wa shaba, akabana vichwa kwa koleo kubwa halafu akatia risasi, akakwangua bodi na injini kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapaka grisi baada ya kufunga, si kabla. Akarudia pia ule mfupi wa ndani ya buti, akakausha unyevu uliokuwa chini ya zulia na kuzibua matundu ya kutolea maji ya turubai. Tukapima upya: bodi na injini 0.05. Stata sasa inapata zaidi ya volti 10, na injini inazunguka haraka mpaka mlio wake umebadilika. Mwisho akaiwasha na kupima chaji, 14.2, akasema altaneta, ile inayochaji betri, haina neno na stata ni nzima, nisikubali kuuziwa. Nilichomlipa, waya na ufundi, hakikufika robo ya bei niliyotajiwa mwanzo.

Yako mambo yanayohitaji kurekebishwa, na nimemwambia mwenyewe. Hakuna kivuli cha maana kwa anayesubiri, benchi limewekwa juani. Risiti hatoi mpaka uombe. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na muda mwingi yuko chini ya gari. Na vipimo hivi vizuri anavyovipata havimfikii mteja kwa maandishi. Mimi nilimuomba aniandikie, akaandika kwenye kipande cha boksi: kabla, baada, volti kwa volti. Kila mteja angestahiki kuondoka na kipande kama hicho, kwa sababu mwakani gari ikisumbua tena, fundi yeyote atajua aanzie wapi. Kijana wake ana mwandiko mzuri, angepewa kazi hiyo.

Hafanyi bodi, hafanyi gia, na ukimpelekea tatizo la injini yenyewe atakuelekeza kwa mwingine. Mimi naliona hilo kuwa sifa. Gari nyingi zilizokuwa pale ni Noah, IST na daladala, Roadster ilikuwa yangu peke yangu, na alikiri mbele yangu kwamba hajawahi kuifungua. Haikumzuia, kwa kuwa hakufuata mazoea ya aina ya gari, alifuata umeme unakopita.

Ukienda na tatizo kama langu, ipeleke ikiwa imetembea na injini ina moto, usiiache ipoe barabarani, maana ikipoa ubovu unajificha na yeye atakwambia usubiri. Usimruhusu mtu kushikilia stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, hata wakati wa kupima. Anafungua asubuhi mapema, foleni inaanza saa tatu. Ijumaa anafunga kabla ya sala na harudi mpaka alasiri.