Glasi ya mvinyo Dodoma: kabla hujalipa, uliza chupa imefunguliwa lini

Wifi yangu alikuja Dodoma mwaka jana, mara yake ya kwanza kupanda SGR tangu treni ile ianze kufika huku Julai 2024. Kabla hajatoka Dar alishanipigia simu: "Wifi, usihangaike na chakula. Mimi nataka mvinyo wa kwenu, niunywe hukohuko unakotoka."

Nikampeleka sehemu moja inayosifiwa sana, mtaa wa Area D. Ilikuwa Jumanne jioni, watu wachache, upepo mzuri. Tukaagiza glasi mbili za mvinyo mwekundu, shilingi 8,000 kila moja. Wifi akapiga funda moja, akatabasamu vile mgeni anavyotabasamu, kisha akaisogeza glasi pembeni ya sahani ya mishkaki. Nikaonja yangu. Siki tupu! Harufu ya siki na tufaha lililopondeka, na pembezoni mwa glasi rangi ilishaanza kuwa ya tofali. Nikageuka kuangalia kaunta na chupa yenyewe nikaiona: imebaki robo, mdomoni imechomekwa tishu iliyolowa ikawa ya zambarau. Nikamwita mhudumu, "Mdogo wangu, hii chupa mmeifungua lini?" Akamwuliza mwenzake. Mwenzake akajibu bila wasiwasi, "Si ile ya Ijumaa?"

Shilingi 16,000 ziliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba wifi alirudi Dar akiamini hivyo ndivyo mvinyo wa Dodoma ulivyo.

Kwa hiyo humu sitazungumzia viti, muziki, wala nani ana kuku mzuri wa kienyeji. Hayo utayaona mwenyewe ukishaingia mlangoni. Nina swali moja tu: chupa unayomiminiwa imekaa wazi muda gani? Hakuna anayeliuliza, na ndilo linaloharibu glasi nyingi katika mji huu kuliko ubaya wa zabibu zetu.

Mvinyo ukishafunguliwa unaanza kugombana na hewa. Saa ya kwanza hewa inausaidia, harufu inafunguka. Baada ya hapo inaula. Ladha ya tunda inakufa, na vijidudu vinavyohitaji hewa vinaanza kugeuza kilevi kuwa siki. Chupa nyekundu iliyozibwa vizuri ikakaa kwenye friji inakwenda siku tatu, pengine nne. Ile iliyoachwa kaunta katika joto letu la Oktoba na Novemba, mimi kesho yake siigusi. Tishu haizibi kitu. Na kadiri chupa inavyopungua ndivyo hewa inavyozidi ndani, kwa hiyo ile robo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo anayopewa mteja wa Jumanne.

Sasa nipange njia za kunywa mvinyo mjini hapa, kuanzia ile bora.

Namba moja, na sioni aibu kusema ninaupendelea: chupa nzima ya Dodoma Wine, nyekundu isiyo na sukari, ifunguliwe mezani kwako mbele ya macho yako. Hii ni ya kiwanda cha TDL (Tanzania Distilleries), walewale wa Konyagi. Nimeinywa miaka mingi na haijawahi kuniangusha ikiwa imefunguliwa siku hiyohiyo. Ina ukavu wa kusimama na nyama choma ya mbuzi, haikimbii mbele ya pilipili, na ukiiacha dakika 20 kwenye glasi inalainika. Watu wanaiogopa kwa sababu wamezoea mvinyo mtamu wa kutoka Afrika Kusini. Mimi nawaambia, kula kwanza kipande cha nyama chenye mafuta, halafu unywe, halafu tuongee. Mkiwa wawili au watatu, msiagize glasi hata siku moja. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano, na mkishindwa kuimaliza mnaiziba kwa kizibo chake mnaondoka nayo. Mhudumu akikuletea imeshafunguliwa, irudishe. Sema kwa upole lakini irudishe: "Dada, naomba uifungulie hapa." Aliye mwaminifu hakasiriki.

Namba mbili itawashangaza, kwa sababu zamani nilikuwa naidharau: glasi inayotoka kwenye boksi. Ndani ya boksi kuna mfuko wenye bomba dogo, na kila ukimimina mfuko unajikunja, hewa haipati pa kuingia. Boksi likiwa kwenye friji linakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Mvinyo wenyewe mara nyingi ni wa kawaida tu, tena umetoka Afrika Kusini, lakini wa kawaida ulio mzima ni bora kuliko mzuri uliooza. Ukiwa peke yako, na ni katikati ya wiki, chukua wa boksi.

Namba tatu ni glasi ya chupa, na hapa kuna elimu ya Dodoma ambayo mgeni hana. Angalia kalenda ya Bunge. Bunge la bajeti likiwa limekaa, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, mji unafurika. Wabunge, madereva wao, maofisa wa wizara, waandishi wa habari, kila meza imejaa, na chupa iliyofunguliwa saa moja usiku saa tatu haipo. Wakati huo hata glasi ya Jumatatu unaweza kuiamini. Bunge likiahirishwa, baa zinapumua na chupa zinalala wazi. Wiki hizo glasi naiagiza Ijumaa na Jumamosi tu, na hata hapo naomba chupa iletwe mezani niione. Imepungua kidogo? Sawa. Imebaki robo? Asante, nipe maji. Kabla hajamimina, naomba niinuse mdomo wa chupa. Jirani mezani atakushangaa. Muache ashangae.

Namba nne ni mvinyo wa wamisionari. Wao ndio walioileta mizabibu huku, na Bihawana, njia ya Iringa, ni moja ya sehemu ambako historia hiyo ilianzia. Ukiipata chupa yao, inunue uende nayo nyumbani. Sijaiweka juu kwa sababu moja tu: baa nikikutana nayo, huwa imefunguliwa kama mapambo ya kuwaonyesha wageni, ikamiminwa kidogokidogo kwa wiki nzima. Chupa haina kosa hapo.

Mvinyo wa Dompo ni mtamu na bei yake ni ndogo. Wanaoupenda wanaujua.

Sasa niseme la bei, maana nimelibeba muda mrefu. Chupa ninayoipata dukani chini ya shilingi 20,000, baa inauzwa kwa glasi tano za 8,000. Hiyo ni 40,000. Naelewa kuna kodi ya pango, umeme, mishahara. Lakini nikilipa mara mbili, nisimiminiwe mabaki ya Ijumaa! Halafu kuna ushuru. Serikali inatoza mvinyo uliotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nyumbani ushuru mdogo sana kuliko ule unaoingizwa kutoka nje, na lengo lilikuwa kumwinua mkulima wa hapa. Ile nafuu inaishia wapi? Kwenye menyu nyingi ninazozisoma mjini, mvinyo wa Dodoma na wa Cape Town bei ni ileile, na wakati wa Bunge zote mbili zinapanda. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anavuna mara mbili kwa mwaka, na kila msimu tunasikia kilio kilekile cha soko na zabibu zinazoozea shambani. Chupa moja inakula zaidi ya kilo moja ya zabibu. Kila mgeni anayekunywa siki akaapa harudii, kilo za mkulima huyo zimekosa mnunuzi, na mwenye baa hana habari.

Dawa ipo na ni rahisi. Kizibo cha mpira chenye pampu ndogo ya kunyonya hewa, kile kinachouzwa kwenye maduka ya vyombo, kinaongeza siku mbili tatu. Bila hicho, friji. Bila friji, kalamu: andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua. Nimeona baa moja tu Dodoma inayofanya hivyo, maeneo ya Kikuyu, kipande cha plasta nyeupe shingoni mwa chupa kimeandikwa tarehe na saa. Siku ya kwanza kukiona nilimpa mkono kijana wa kaunta. Na viwanda vyetu navyo vitutengenezee chupa ndogo za glasi moja moja, tumechoka kuziona kwenye ndege tu.

Wifi alirudi Septemba, safari hii nilimlazimisha. Nilimnunulia Dodoma nyekundu, ikakaa kwenye friji nusu saa ipoe kidogo, nikaifungulia barazani mbele yake. Alinusa kwanza, kwa wasiwasi. Akanywa. Akanyamaza. Kisha akainyoosha glasi bila kusema neno, nimwongezee.