TAHADHARI: Duka linalokupangia "seti ya samaki wanaoelewana" wa maji chumvi

Kuna namna ya kuuza samaki wa mapambo inayomaliza matangi ya watu, hasa wanaoanza. Muuzaji anakuuliza tangi lako ni lita ngapi. Unamwambia 100 au 150, na palepale anakupangia seti: klauni wawili, kangaja mmoja wa buluu, damseli watatu, "grama" mmoja wa zambarau na njano, na mandarini mmoja wa kupendezesha. Ukisita, anakuelekeza kwenye tangi lake: "Si unawaona? Wote wamo humu na hawagombani."

Usinunue kwa ushahidi huo. Tangi la duka halionyeshi kama samaki wanaelewana, na mara nyingi halionyeshi hata kama ni wazima.

Samaki hugombania eneo: shimo, pembe ya jiwe, kivuli cha kulala. Dukani mara nyingi hakuna jiwe la kugombania. Wamejazana kwenye kioo kitupu, kila siku chache wengine wanatolewa na wengine wanaingizwa, hakuna aliyepata nafasi ya kusema hapa ni pangu. Sasa mchukue yule damseli mweusi mwenye madoa matatu meupe (Dascyllus trimaculatus), mtie kwenye tangi lenye mawe, mpe wiki mbili. Atachagua pembe, na kila atakayeingia baada yake atafukuzwa mpaka mapezi yachanike na aache kula. Huyu akikua hupita sentimita 10, na kumnasa katikati ya mawe ni kazi ya kubomoa tangi zima. Ndiye huyuhuyu anayeuzwa kwa jina la "samaki wa kuanzishia tangi". Tangi jipya halihitaji samaki wa kuanzishia. Linahitaji chanzo cha amonia cha kulisha bakteria wanaosafisha maji, kwa mfano kloridi ya amonia ya chupa, hadi amonia ifike miligramu 2 kwa lita, kisha subira ya wiki kadhaa mpaka kiasi hicho kiishe ndani ya saa 24 na nitriti, sumu ambayo bakteria huitoa wakila amonia, nayo isome sifuri.

Kwenye seti hiyo, anayetakiwa kuangaliwa kwa macho mawili ni huyo "grama". Grama halisi, Gramma loreto, anatoka bahari ya Karibi. Ni mpole, hukaa karibu na shimo lake, na ugomvi wake mwingi huishia kupanua mdomo. Anayefanana naye ni Pictichromis paccagnella wa Pasifiki ya magharibi: naye zambarau mbele, njano nyuma, lakini ni mkali kupita umbo lake na ataandama samaki wapole na kamba wadogo. Huyu huuzwa kwa jina la yule, ama kwa kutojua, ama kwa kutaka tu atoke dukani. Sogea kwenye kioo uangalie mahali rangi mbili zinapokutana. Kwa grama halisi, zambarau inaingia kwenye njano polepole, kwa vidoa vidoa, kama rangi iliyonyunyizwa. Pezi la mgongoni lina doa jeusi upande wa mbele, na kuna mstari mweusi unaopita jichoni. Kwa Pictichromis, mpaka wa rangi umekatwa kama kwa wembe, pezi halina doa jeusi, na mapezi yake ni maangavu kiasi cha kuona upande wa pili. Ukiyajua haya hudanganyiki.

Kangaja wa buluu (Paracanthurus hepatus) dukani ana sentimita 4 au 5 na anapendeza kweli. Mtu mzima hufika sentimita 30, na ni samaki wa kuogelea masafa. Mwenye tangi la chini ya lita 600 asimguse, hata akiambiwa "atakua kulingana na tangi". Hakuna samaki anayekua hivyo. Kuna anayedumaa na kuugua.

Mandarini (Synchiropus splendidus) shida yake ni tumbo. Anadonoa kopepodi, vijidudu vidogo vya majini jamii ya kamba, mchana kutwa, na tangi changa la lita 100 halina kopepodi wa kumtosha. Mtazame kwa juu na kwa mbele: nyuma ya kichwa pakiwa pamebonyea na tumbo limeingia ndani, ameanza kufa kwa njaa, hata kama rangi zake zinang'aa. Rangi yake haififii upesi, ndiyo maana wengi hawashtuki mpaka siku wanayomkuta chini.

Klauni ndio wenye shida ndogo, mradi wote wawili wawe aina moja na mmoja awe mdogo kuliko mwenzake. Ukiona mmoja ana miiba shavuni chini ya jicho, huyo ni klauni mwekundu wa damu, Amphiprion biaculeatus. Usimchanganye na ocellaris, yule klauni wa kawaida wa rangi ya chungwa.

Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye maji ya duka. Maduka mengi huweka chumvi chini, uzito mahsusi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu) wa 1.018 hivi, kwa kuwa chumvi ni gharama na vimelea navyo hupungua nguvu. Mengine huongeza dawa ya shaba kidogo: kiasi cha kuzuia vimelea visionekane, kisichofika cha kuviua. Samaki anaonekana safi. Unamfikisha nyumbani kwenye 1.025 bila shaba, na baada ya siku chache madoa meupe kama punje za chumvi yanajaa mwilini. Hicho ni Cryptocaryon irritans, na alikuja nacho. Kimelea hiki hukaa juu ya samaki siku 3 hadi 7, kinadondoka, kinajifunga kwenye jiwe au kioo, kisha kinapasuka na kutoa mamia ya wadogo. Duka linalouza samaki siku ya pili baada ya kuwapokea huwa limeshawaondoa kabla duru hiyo haijaonekana, kisha unaambiwa maji yako ndiyo mabaya.

Kwa hiyo nenda na refraktomita yako, yaani kipimo cha chumvi, na upime maji ya tangi unalonunulia. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia. Uliza kama kuna shaba na ni kiasi gani. Akikuambia haimo, angalia kama kamba, konokono na matumbawe wamo kwenye mzunguko uleule wa maji. Wakiwemo na wako hai, anasema kweli, lakini maana yake pia vimelea havijazuiwa na chochote. Uliza samaki alifika lini. Mwambie amlishe mbele yako, na usitosheke na kuona amedaka: subiri uone amemeza, maana wengi hudaka wakatema. Hesabu mapigo ya matamvua kwa dakika nzima. Yakipita 100 na samaki ametulia, hajafukuzwa, ondoka. Mmulike kwa tochi ubavuni. Vumbi laini la rangi ya dhahabu ni kimelea kingine, Amyloodinium, nacho kinaua tangi zima ndani ya siku chache. Jambo la mwisho ni risiti: iandikwe jina la kisayansi la kila samaki. Duka linalokataa kuandika jina hilo linajua kwa nini linakataa.

Wapo pia samaki waliokamatwa kwa sianidi, sumu ya kuwalevya wanasike kirahisi, na jicho haliwatambui. Anaweza kula vizuri wiki mbili kisha akafa. Kinga ya kweli hapo ni kuchagua waliozalishwa kwenye matangi. Klauni na Banggai (Pterapogon kauderni) wanapatikana hivyo, na huwa wameshazoea chakula cha punje.

Ukishanunua, usimtie moja kwa moja kwenye tangi kuu. Andaa tangi la karantini la lita 40 hadi 80 lenye hita, filta ya sponji iliyokwishaota bakteria na vipande vya bomba la plastiki vya kujificha. Usitie mchanga wala mawe, yanafyonza shaba. Chumvi yake ilingane na ya duka siku hiyo, kisha uipandishe kwa 0.002 kwa siku, si zaidi. Samaki anavumilia kushushwa kuliko kupandishwa.

Mfuko uelee dakika 15 joto lilingane, basi. Samaki akipumua ndani ya mfuko, kaboni dayoksaidi hujaa na pH (kipimo cha uasidi, kikishuka maji yana asidi zaidi) hushuka, na hapo amonia inakaa katika hali isiyo kali. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, amonia ileile inageuka sumu. Kwa aliyekaa mfukoni saa nyingi, kumdondoshea maji kwa saa mbili ni kumwacha aogee humo. Mhamishe kwa mkono au chombo, na maji ya mfuko yamwage sinki. Yakiwa na shaba yataua kamba na konokono wako.

Tiba ya shaba huchukua siku 30 mfululizo kwa kiwango kamili cha dawa uliyonayo. Kwa shaba iliyofungwa kikemikali ("chelated") huwa miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita. Pima kila siku kwa kipimo kinachosoma aina hiyo, kwani siku moja chini ya kiwango inakurudisha mwanzo.

Kama seti imeshaingia na vita vimeanza, usimtoe anayepigwa. Mnase anayepiga: kata chupa ya plastiki shingoni, igeuze shingo ndani, weka chakula, ilaze karibu na pembe yake. Mweke kwenye kisanduku cha kioo chenye matundu humohumo tangini kwa wiki moja, panga mawe upya, na umfungulie usiku taa zikiwa zimezimwa. Akirudia, mrudishe dukani na risiti.

Na kama madoa yameshaonekana kwenye tangi kuu, usimwage humo "dawa salama kwa matumbawe" utakayouziwa na duka hilohilo, wala shaba. Hamisha samaki wote, hata wasio na doa, kwenye tangi la tiba, na uache tangi kuu bila samaki kwa siku 76. Zihesabu tangu alipotoka samaki wa mwisho, si tangu ulipoona doa la kwanza.