F-5E Tiger II ya skeli 1/72: umbo liko sawa, kazi iliyobaki ni ya mkono wako

Jana usiku nimemaliza kuunga modeli ya plastiki ya ndege ya kivita F-5E, wiki sita nimekaa nayo mezani, acha niseme ilivyo kwa yeyote anayefikiria kuinunua. Ni seti ya zamani ya skeli 1/72, nimeipata hapa Mombasa kwa jamaa anayeuza mitumba ya vitu vya watoto, boksi limebonyea lakini vipande vyote vimo. Mimi nimesoma Nanyuki karibu na kambi ya jeshi la anga ya Laikipia, hizi F-5 za Kenya (zilianza kuja mwaka 1978) zikipita juu ya darasa mwalimu ananyamaza mpaka mlio uishe ndio anaendelea, kwa hiyo ndege hii naipenda toka utotoni.

Kabla ya gundi nilitoa rula. Ndege halisi ina urefu wa mita 14.45 na mabawa mita 8.13, ukigawa kwa 72 unapata kama sentimita 20 na 11.3, na modeli imefika palepale. Kile kiuno chembamba cha katikati kipo, pua ndefu ipo, na hapo ndipo iliponishika kabisa, maana mstari mbaya utauchora upya na pengo utaliziba na pati, lakini umbo likikosewa kiwandani huna la kufanya.

Sasa kazi yenyewe. Mistari ya mabati, ile inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege, imeinuka juu badala ya kuzama, ndio ilikuwa staili ya zamani. Nimeifuta yote kwa msasa wa maji namba 800 nikachora upya kwa sindano, nabandika tepu ngumu iwe kama rula, siku nne zimeishia hapo tu. Usikandamize, pita polepole mara tatu nne, ukikandamiza sindano inatoroka na kovu lake utaliona mpaka kwenye rangi. Bawa la F-5 ni jembamba sana na la seti ni nene kwa nyuma, sugua upande wa ndani KABLA hujaunganisha nusu mbili, ukishagandisha basi tena.

Kiti cha rubani kilikuwa kama kisanduku tu, nikakitia mikanda ya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ile sindano ya plastiki inayochomoza mbele puani, ya kupimia kasi kwenye ndege halisi, nikaikata, nikaweka sindano ya insulini, inakaa nyoofu na ni chuma kweli, hii naipendekeza kwa kila mtu. Ndani ya pua nikaficha chubwi mbili ndogo za mshipi ili isije ikakalia mkia. Vyombo vya kutolea moshi vya injini mbili kule nyuma nilipaka rangi ya chuma halafu nikasugua unga wa penseli, vimetoka kama vimeungua haswa.

Stika za alama, zile za kulowekwa majini ndio zibandikwe, ndio sikuridhika nazo. Zimekuwa njano kwa uzee, nikazitia kwenye mfuko wa nailoni nikabandika dirishani juani siku tatu zikarudi nyeupe, lakini ya kwanza kugusa maji ilipasuka vipande. Zilizobaki nikazipaka vanishi kwanza ndio zikashika. Na wa pwani wenzangu, msipulize vanishi asubuhi au siku ya mvua, unyevu wa huku unaiacha na ukungu mweupe, mimi bawa moja nimelirudia lote. Ngoja saa saba saa nane jua likiwa kali.

Kwa hiyo inunueni kama mna subira, kwa mtoto anayeanza hapana, atakata tamaa kwenye mabawa.

Alama za boksini ni za Uswisi na Marekani, mimi nataka za Kenya, kwa hiyo nitazichora kwa mkono na mkia nimeuacha mtupu kwa sasa. Mwenye picha safi ya mkia wa F-5 yetu ya miaka ile ya mwanzo, tafadhali anitumie.