Uzoefu wangu: mfugaji aliyekataa kuniuzia sungura

Nampa mfugaji huyu alama za juu, na kubwa kuliko yote ni kwamba alikataa kuniuzia. Nilikwenda na pesa mkononi, watoto wakiwa na wiki 6, akaniambia hatoki hata mmoja kabla ya wiki 8. Wakati huo utumbo wa mtoto wa sungura bado unazoea kuacha maziwa na kula nyasi. Ukimtenga na mama yake, ukambadilishia chakula na kumpeleka kwenye nyumba ngeni, yote kwa mpigo, anaweza kuharisha na kufa upesi. Muuzaji anayejua hilo na bado akakupa mtoto mchanga kwa sababu umemng'ang'ania, hafai.

Nilikuwa nimeshazungukia wauzaji wengine. Katika duka moja madume na majike walichanganywa ndani ya kizimba kimoja, na aliyekuwa zamu hakujua umri wao. Sungura huanza kuzaa akiwa na miezi minne hivi, mimba hukaa siku 31 au karibu na hapo, kwa hiyo duka la namna ile linaweza kukuuzia jike mwenye mimba bila mtu yeyote kujua. Wa mtandaoni wana picha za kuvutia, lakini wengi hutaka mkutane njiani. Hao niliwakatalia mara moja. Nisipoliona banda na mama wa watoto, sinunui.

Kumwona mama kuna maana kubwa. Kila mtoto wa sungura ni mdogo, na kila muuzaji anaweza kukuapia kwamba huyu ni kibete. Kibete wa kweli huishia kilo moja na kidogo, ilhali sungura wa aina kubwa hupita kilo sita. Huyu mfugaji aliniletea mama, akaniruhusu nimguse, kisha akamfunua mdomo anionyeshe meno. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ya juu yakikaa mbele kidogo ya yale ya chini, husagana na kubaki na urefu unaofaa. Yasipokutana sawasawa, utakuwa mtu wa kwenda kwa daktari wa mifugo kuyapunguza mara kwa mara, na kasoro hiyo mara nyingi hurithiwa.

Wiki 8 zilipotimia, mtoto niliyemchagua tulimkagua pamoja. Pua kavu, macho maangavu, masikio hayana ukoko wa kahawia unaoletwa na utitiri, nyuma safi pasipo kinyesi kilichogandamana. Jambo ambalo sikulijua kabla ni miguu ya mbele: sungura mwenye mafua hujipangusa pua kwa miguu hiyo, hivyo hata muuzaji akimsafisha uso, manyoya ya upande wa ndani wa miguu hubaki yameshikana. Angalieni hapo, tafadhali. Sungura huficha ugonjwa kadiri awezavyo, maana porini aonekanaye dhaifu ndiye huliwa kwanza.

Nilipenda pia jinsi alivyomshika. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umebeba makalio, hakumnyanyua kwa masikio. Sungura akirusha mateke huku mgongo ukining'inia anaweza kujivunja uti.

Aliniuliza maswali mengi: nani atabaki naye nikisafiri, nina nafasi kiasi gani, najua kwamba anaweza kuishi miaka 8 hadi 12? Kuhusu jinsia alisema wazi, "Naona ni jike, lakini katika umri huu hata mzoefu hukosea, mpeleke kwa daktari ahakikishe." Daktari alithibitisha. Nilipewa karatasi yenye tarehe ya kuzaliwa na mfuko wa chakula alichozoea, nikichanganye na cha kwangu kidogo kidogo, huku nyasi kavu zikibaki ndicho chakula kikuu. Aliahidi pia kumpokea tena nikishindwa kumtunza, hata baada ya miaka.

Nimempunguzia alama kwa jambo moja. Baadhi ya vizimba vyake vina sakafu ya waya, na kibao cha kupumzikia kimefunika sehemu ndogo tu. Waya huleta vidonda vya nyayo. Nilimweleza, akakubali kuongeza vibao, ila sijarudi kuona.

Anayetaka sungura mkubwa kiumri ajaribu kwanza kituo cha kuokoa wanyama. Tabia yake huwa imeshajulikana, na vituo vingi huwa vimeshamhasi.

Wangu anakula vizuri na ni mchangamfu. Akifikia umri unaofaa ataondolewa kizazi, kwa kuwa majike wasioondolewa hupata sana saratani ya mji wa mimba. Sungura hafurahii upweke, kwa hiyo nimeshamwomba mfugaji yuleyule dume wa kumpa mwenza. Sharti lake ni kwamba ahasiwe kwanza, kisha akae kizimba cha peke yake wiki 6 hivi, kwa sababu dume aliyehasiwa bado anaweza kutia mimba katika wiki za mwanzo.