Kijitabu cha aljebra cha shilingi 4,000: nunua, ila uanzie ukurasa wa 31

Binti yangu kaingia kidato cha kwanza mwaka huu. Shule ya msingi hisabati alisoma kwa Kiswahili, sasa ghafla kila kitu Kiingereza, na aljebra ndiyo iliyomkaba koo. Jirani akanielekeza kwenye meza moja ya vitabu Kariakoo. Mwenye meza alianzia 5,000, tukamalizana 4,000. Kurasa 64, jalada jepesi, na gundi ya kubahatisha: wiki ya pili karatasi za katikati zikachomoka. Bahati mimi ni fundi cherehani, nikakipitishia uzi.

Kilichonivutia ni lugha. Swali limewekwa kwa Kiingereza, kama mtoto atakavyolikuta darasani, halafu maelezo yote Kiswahili cha kawaida. Mwanzoni wanaeleza jina lenyewe la aljebra, kwamba limetokana na kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karne ya 9, na kwamba al-jabr ni kurudishia, neno lilelile la kuunga mfupa uliovunjika. Kumbe yeye hakuwa na x wala y. Aliandika yote kwa maneno, na kile asichokijua akakiita "kitu". Binti alicheka, akasema afadhali angebaki na "kitu" chake.

Halafu kuna mizani. Sisi tulikaririshwa kwamba namba ikivuka daraja, yaani ile alama ya =, inabadili alama yake, basi, ukiuliza kwa nini unaangaliwa vibaya. Humu wamechora mizani ya duka: ukipunguza 2x upande huu, unapunguza 2x na upande ule, isilale. Hapo peke yake pesa yangu imerudi.

Sasa ukurasa wa 31. Mlinganyo ni 2x + 3y = 12. Unatakiwa uiache y peke yake, kisha uweke x = 3 upate y. Mstari wa kwanza wako sawa: 3y = 12 − 2x. Mstari unaofuata wanagawanya kwa 3, wanaandika y = 4 − 2x. Wameigawanya 12, ile 2x wameiruka! Wanaweka 3, wanapata −2, na jibu limepigiwa mstari chini kwa madaha.

Mimi hesabu zangu ni za futi na yadi, kwa hiyo nikaisoma kifundi. Tuseme nina vitenge viwili vya yadi sita sita, jumla 12. Shati linakula yadi 2, gauni yadi 3. Nikikata mashati matatu, yadi 6 zimekwenda, zinabaki 6, yaani magauni mawili. Kijitabu kinaniambia magauni hasi mawili. Tukarudisha jibu lao mwanzoni: 2 mara 3 ni 6, 3 mara −2 ni −6, jumla sifuri. Yadi 12 zimeyeyuka. Mstari sahihi ulikuwa y = 4 − 2x/3; weka 3, unatoa 2 kwenye 4, inabaki 2.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kosa hilohilo limeingia kwenye majibu ya nyuma, swali la 5 na la 9 la zoezi linalofuata. Mtoto anayejisomea peke yake atapata jibu sahihi, aone halifanani, alifute. Niliporudi mezani, yule muuzaji akasema yeye anauza tu, haandiki. Ana haki yake, ila hata kunibadilishia alikataa.

Kijitabu nakipa nyota tatu. Mizani na Kiswahili chake sijaviona kwingine kwa bei hiyo. Ukikinunua, kaa na penseli, ukurasa wa 31 usahihishe kabla mtoto hajafika, na kila jibu mlirudishe kwenye mlinganyo wa mwanzo kabla ya kufungua kurasa za nyuma.

Cha kwetu hakijasahihishwa. Binti amekataa nisifute, pembeni ya ile −2 ameandika kwa kalamu nyekundu: "Baba, gauni hasi linashonwaje?"