Kusomea Optometria: Moshi au Kampala?

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita hapa Wete na kutangaza kuwa anataka kusomea optometria, wengi katika ukoo walidhani anakusudia udaktari wa macho. Fani hizi mbili ni majirani, lakini si kitu kimoja. Daktari bingwa wa macho husomea udaktari kwanza, kisha hubobea katika maradhi na upasuaji wa jicho. Mtaalamu wa optometria hujifunza kupima uwezo wa jicho kuona, kuamua nguvu ya miwani, na kutambua dalili za maradhi kama presha ya macho ili mgonjwa afikishwe kwa daktari mapema.

Baada ya kuulizia kwa muda tulibakiwa na skuli mbili: ile ya Moshi, iliyo pamoja na Hospitali ya KCMC, na ile ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, iliyoanza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2014. Nimemsindikiza kuziangalia zote mbili, na haya ndiyo niliyoyapima mimi kama mjomba wake ambaye atachangia gharama.

Nianze na Kampala, kwa sababu ndiko moyo wa kijana ulikoelekea mwanzoni. Makerere ni chuo cha tangu mwaka 1922, na jina lake linafungua milango Afrika Mashariki nzima. Masomo ya afya yako katika kilima cha Mulago, pamoja na hospitali ya rufaa ya taifa, kwa hiyo mwanafunzi wa optometria huishi na kusoma karibu na wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia. Kwa mtu anayeota kuwa mtafiti au mwalimu wa chuo, sioni kwa nini asite. Wazazi watakaouliza habari za dini nawajibu kwa ufupi kuwa Waislamu wapo wengi na msikiti mkubwa wa Old Kampala haumpotei mtu. Mtanzania haombi viza kuingia Uganda, ila shahada ya nje itabidi ipitie TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa ajili ya kutambuliwa, na inafaa kuiuliza mapema Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar kuhusu masomo ya nje ya nchi.

Lililonifanya nisite ni lugha, wala sisemi lugha ya darasani, kwa sababu kote kuwili mafunzo ni kwa Kiingereza. Nasema lugha ya mgonjwa. Upimaji wa macho una sehemu mbili. Katika ya kwanza, mpimaji humulika jicho kwa retinoskopu na kusoma mwendo wa mwanga ndani ya mboni, jambo linalowezekana hata kwa mtoto mchanga asiyejua kusema. Sehemu ya pili ni mazungumzo matupu: mgonjwa anatazama herufi zilizowekwa umbali wa mita 6, mpimaji anabadilisha lenzi moja baada ya nyingine na kuuliza ipi inaonyesha vizuri zaidi, na miwani yote inategemea majibu hayo. Kabla ya hapo yapo maelezo ya ugonjwa. Bibi wa Micheweni akisema anaona ukungu, hilo ni jambo moja, na akisema anaona kiwi mbele ya taa, ni jingine. Akisema ghafla ameanza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho, hapo miwani iwekwe kando na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda retina inabanduka. Sikio la kutofautisha maneno haya hupatikana kwa kusikiliza mamia ya wagonjwa wakieleza kwa lugha yao.

Kampala wagonjwa wengi huzungumza Kiganda. Serikali ya Uganda iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini uamuzi huo haujamfikia mzee aliyekaa kwenye kiti cha kupimwa. Mpwa wangu angehitaji mkalimani, au angetumia mwaka mzima kujifunza lugha ambayo hataitumia Pemba. Moshi, ingawa wazee wapo wanaopenda kusema Kichaga, Kiswahili kinatosha tangu siku ya kwanza. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini, kwa hiyo wagonjwa hutoka mikoa kadhaa, na hilo ni darasa tosha.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu limetugusa nyumbani. Mama yangu aliuziwa miwani katika duka moja la mjini Unguja baada ya kupimwa kwa dakika chache, bila kuulizwa anafanya kazi gani wala anaona vipi, na bila kupimwa umbali kati ya mboni na mboni. Vitovu vya lenzi vilikaa pembeni mwa macho yake. Alivumilia maumivu ya kichwa kwa miezi mingi akiamini ni uzee, akaacha kusoma msahafu, jambo lililoniuma kuliko fedha iliyopotea.

Safari ya Moshi ni ndefu kwa Mpemba: boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Dar es Salaam, kisha basi la mchana kutwa. Baridi ya mwezi wa saba inahitaji sweta zito. Nafasi ya dakhalia iulizwe kabla ya kuondoka nyumbani. Chuo kina asili ya Kikristo, lakini misikiti ipo mjini.

Ushauri wangu kwa anayetaka kurudi kuhudumia visiwani ni Moshi, na kwa anayetafuta utafiti ni Kampala. Kokote aendako, aulize mwanafunzi hupima wagonjwa wangapi kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuhitimu, na nani huhakiki vipimo vyake.

Mpwa wangu ameomba Moshi. Ile miwani ya bibi yake ameiomba aende nayo, aiweke mwenyewe kwenye lensomita, kifaa cha kupimia nguvu ya lenzi, na kuandika makosa yake yote.