Kodi Inayojumuisha Umeme na Maji: Tathmini ya Apatimenti Niliyopanga Upanga

Tangu Oktoba 2023 nimekuwa mpangaji katika jengo la ghorofa nne lililoko Upanga, Dar es Salaam. Nina chumba kimoja cha kulala, sebule na jiko kwa shilingi 700,000 kwa mwezi, na kwa mujibu wa mkataba kiasi hicho kinajumuisha umeme, maji, intaneti, uzoaji taka na ulinzi. Nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na ya mwezi mmoja kwa dalali, aliyeninadia nyumba kwa maneno machache tu: "Bosi, hapa LUKU utaisahau," yaani kununua umeme wa kulipia kabla.

Kwa kiasi fulani alisema kweli. Nilipokuwa Sinza, kila mwezi nilikatwa kodi ya jengo ya serikali kwenye umeme nilionunua, ingawa jengo halikuwa langu na mwenye nyumba hakuwahi kunirudishia hata senti. Upanga kero hiyo sina. Hata hivyo, jengo zima linatumia mita moja iliyofungwa chini ya ngazi, na hapo ndipo hesabu inapogeuka. TANESCO, shirika la umeme, humtoza mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ilhali mita inayobeba familia nane huangukia kwenye bei ya shilingi 292. Mimi sifikishi uniti 60 kwa mwezi. Sinza umeme huo, pamoja na kodi na tozo, ungenigharimu shilingi 7,000 na ushee, lakini humu thamani yake inapita 21,000, na bila shaka mwenye nyumba aliliona hilo alipopanga kodi.

Mita hiyo ni ya malipo ya kabla, kwa hiyo uniti zikiisha tunazimikiwa sote. Usiku mmoja wa Jumapili tulishuka ngazi kwa tochi za simu, tukamkuta mlinzi amechuchumaa mbele ya kidude cha kuingizia namba, huku jirani wa ghorofa ya pili akimsomea tarakimu 20 alizotumiwa na mwenye nyumba. Mara ya kwanza zilikataliwa, kwa kuwa saba ilisikika kama sita. Taa ziliwaka karibu saa sita, na chakula changu cha kwenye friji kilinusurika.

Lililonikera zaidi ni kifungu cha "matumizi ya kawaida", ambacho mkataba haukukifafanua. Februari, joto la Dar lilipopamba moto, tulipenyezewa barua chini ya milango ikitutaka tusiwashe kiyoyozi kabla ya saa nne usiku. Aidha, wakati wa mgao wa umeme, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha, tulichangishwa dizeli ya jenereta kwa hoja kwamba mkataba unataja umeme, si mafuta. Kisheria huenda hoja hiyo ina mashiko. Mimi niliiona ni ujanja, nikalipa.

Maji hayana lawama kubwa: ya DAWASA yakikatika, matangi ya juu hutuvusha siku mbili, ilimradi pampu ina umeme. Intaneti inatosha kwa barua pepe na haitoshi kwa mikutano ya video. Taka huzolewa kwa wakati.

Mtu anayefanyia kazi nyumbani na kuwasha kiyoyozi mchana kutwa angefaidika na mpango huu, kama angeruhusiwa kukiwasha. Anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, kama mimi, humlipia jirani yake. Kwa sababu hiyo, tulipohuisha mkataba niliomba nifungiwe sabmita (mita ndogo ya kupima umeme wangu peke yangu), nipunguziwe kodi, na gharama ya dizeli iandikwe waziwazi. Mwenye nyumba alishusha kodi hadi 670,000 na sabmita imeshafungwa juu ya mlango wangu. Kifungu cha dizeli bado tunakivutania.